Hesabu Isiyorudi Nyumbani



Kila baada ya miaka michache huingia katika malupango yetu ya Manika kijana mwenye kizibao, kitambulisho shingoni na tableti mkononi. Hubisha hodi kwa adabu, huomba kuonana na mkuu wa kaya, kisha huanza kuuliza. Sakafu ya nyumba ni ya nini? Paa je? Maji mnateka wapi, na kwenda na kurudi huchukua dakika ngapi? Choo ni cha aina gani, na je, mnakitumia pamoja na watu wa kaya nyingine? Mna redio, mna baiskeli, mna simu? Mama amezaa watoto wangapi, na wangapi wamefariki? Mama hujibu yote, hata swali hilo la mwisho ambalo jirani yake wa ukuta mmoja hajawahi kuthubutu kumwuliza. Kijana hushukuru, huiacha namba ya chaki mlangoni, huenda zake. Mvua ya kwanza huifuta chaki, na mama yule hasikii tena neno lolote juu ya yale aliyoyasema.

Hatulalamiki kwamba watu wamehesabiwa. Tunalalamika kwamba hesabu haikurudi. Tena tunadai kwamba jambo hili si la wataalamu peke yao, bali linawahusu vijana Wakristo wa Kolwezi kama linavyowahusu maji wanayokunywa.

Tukumbushane kwanza hali ilivyo. Sensa kamili ya nchi yetu ilifanyika kwa mara ya mwisho mwezi Julai 1984. Nchi iliitwa Zaire, watu walikadiriwa kuwa milioni 30 hivi, na Kolwezi ilikuwa mji wa jimbo la Shaba. Tangu hapo sensa ya pili imetangazwa na kuahirishwa mara nyingi, hata wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni watoto wa wazazi ambao nao hawakuwa wamezaliwa siku ile. Leo tunaambiwa tumepita milioni 100, nayo ni makadirio juu ya makadirio. Pengo hilo limezibwa na tafiti za kaya: ule uchunguzi uitwao 1-2-3, ambao Taasisi ya Taifa ya Takwimu iliufanya mwaka 2004 na 2005, kisha tena mwaka 2012, tafiti za afya na uzazi za mwaka 2007, za 2013 na 2014, na za hivi karibuni, na uchunguzi wa MICS wa mwaka 2017 na 2018 uliosaidiwa na UNICEF. Humo ndimo zilimotoka namba mnazozisikia redioni. Uchunguzi wa 1-2-3 ulisema kwamba maskini walikuwa 71 katika kila watu 100 mwaka 2005, na 63 mwaka 2012. Ni kazi ya heshima, na waliotembea kwenye tope kuikusanya tunawaheshimu.

Wapo miongoni mwetu, hata katika mashirika ya jumuiya zetu, wanaosema kwamba Mkristo asikubali kuhesabiwa. Huleta habari ya mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24: mfalme alihesabu watu na tauni ikawaangukia. Tunawaomba waisome sura ile mpaka mwisho wake. Yoabu alirudi kwa mfalme na idadi ya wanaume wawezao kufuta upanga, na hakuna mahali tunaposoma kwamba aliandika wajane, wala wenye njaa, wala nyumba zisizo na kisima. Daudi alitaka kujua ukubwa wa nguvu zake. Hakutaka kujua haja za watu wake. Musa naye alihesabu, tena kwa amri ya Mungu, na kitabu kizima cha Biblia kikapata jina lake katika tendo hilo. Na mchungaji yule wa Injili ya Luka aliyewaacha kondoo 99 nyikani, alijuaje kwamba mmoja hayupo? Asiyehesabu kundi hawezi kumtafuta aliyepotea, kwa kuwa hata hajui kama amepotea.

Hata hivyo hatuwacheki wanaofunga milango. Kolwezi ina sababu zake za kumwogopa mtu mwenye daftari. Babu zetu walihesabiwa vizuri kuliko sisi. Union Minière, na baada yake Gécamines, ziliweka faili ya kila mfanyakazi wa kambi, na ya mke wake, na ya kila mtoto. Watoto wachanga walipimwa uzito, posho ilipimwa kwa vinywa vilivyoandikwa. Watu wakazoea kuiita kampuni baba na mama. Lakini daftari lile lilikuwa la mwenye mgodi. Alihesabu mikono aliyoihitaji, na ilipofika siku ya kutoihitaji tena, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kati ya mwaka 2003 na 2004 katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wakaingizwa katika majedwali kwa jina la kupendeza: waliondoka kwa hiari. Tafadhali litazameni jina hilo. Watu waliokuwa wanadai mishahara ya miezi mingi walipewa fedha kidogo na mlango, na jedwali likaandika hiari.

Na katika miaka yetu hii tumeona alama nyekundu zikipakwa kwenye kuta za nyumba zilizo karibu na mashimo ya madini. Kila mtu mjini anajua maana yake. Mwaka 2014 madini yaligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, watu wakachimba hadi chini ya vitanda vyao. Mwaka 2017 mamia ya kaya wakahamishwa, na eneo likapewa kampuni. Nyumba ziliorodheshwa kabla ya hapo, naam, kwa usahihi wote. Basi mzee wa Manika anapomwona kijana akiandika namba mlangoni pake, asipotofautisha utafiti wa choo na orodha ya kubomoa, tumlaumu nani? Wa kulaumiwa ni waliomfundisha kwamba namba mlangoni ni mwanzo wa kufukuzwa.

Sasa tuingie ndani ya hojaji yenyewe, maana hapo ndipo vijana wanapaswa kuwa na macho makali.

Neno la kwanza ni kaya. Kwa mtafiti, kaya ni watu wanaolala pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumkubali mmoja kuwa mkuu wao. Ni maelezo mazuri kwa kijiji cha wakulima. Lakini njooni mtazame chumba kimoja nyuma ya lupango, wanamolala wachimbaji sita waliotoka Kasai na Haut-Lomami. Wanalala pamoja wanapokuwapo. Hawana chungu, bukari wanainunua barabarani. Mkuu hawana, ila mwenye deni kubwa kuliko wengine. Alfajiri wameshaondoka, na wiki nzima huenda wakawa kwenye mashimo chini ya mahema ya plastiki. Mtafiti hurudi mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa kanuni inamtaka arudi, kisha huandika kwamba hakuna mtu. Hivyo wale ambao jasho lao linafanya dunia ipate kobalti, nchi yetu ikitoa takribani sehemu 70 katika kila 100 za kobalti yote inayochimbwa duniani, hao ndio walio rahisi zaidi kukosekana katika hesabu ya umaskini wa jimbo lao.

Neno la pili ni umeme. Swali ni fupi: kaya hii ina umeme? Mama hutazama waya uliotundikwa darini na kusema ndiyo, kwa sababu kusema hapana kungekuwa uongo. Waya upo na bili ipo. Usiku wa jana mlikula kwa mshumaa, na juzi pia. Njia kuu ya umeme kutoka Inga, ya urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mwisho wake ni hapa hapa Kolwezi. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuwashushia hata taa moja, kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya migodi. Kuhesabu waya kana kwamba ni mwanga ni kuisoma historia hiyo kwa macho ya mwenye mgodi.

Lakini neno tunalotaka kukaa nalo ni choo. Tunajua kwamba baadhi yenu mtacheka, na kwamba wazee wengine wataona si neno la ukurasa wa tafakari. Wafungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Humo watu wa Mungu wanaagizwa wawe na mahali nje ya kambi, na kila mmoja awe na kijiti cha kuchimbia, afukie kilichotoka kwake. Na sababu inayotolewa ni kwamba Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Kama Mungu hakuona haya kulisema, parokia isione haya kulijadili.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameweka ngazi ya vyoo inayotumiwa na tafiti zote hizi. Chini kabisa yuko asiye na choo. Juu yake kuna shimo lisilo na sakafu ya kufaa. Shimo lenye sakafu imara inayoweza kusafishwa huitwa choo kilichoboreshwa, nacho kikitumiwa na kaya moja tu huhesabiwa kuwa cha msingi. Kikitumiwa na kaya zaidi ya moja hushuka ngazi na kuitwa cha kiwango pungufu. Hadi hapo tunaafiki. Tatizo ni kwamba ngazi hiyo haitofautishi ndugu wawili wenye wake zao wanaotumia choo kimoja na kukifagia kwa zamu, na lupango la mwenye nyumba asiyeonekana, ambamo wapangaji kaya nane wanapanga foleni kwenye tundu moja nyuma ya mabati. Wote ni pungufu. Mtafiti aliuliza ni kaya ngapi, na jibu aliliandika. Lakini linapofika kwenye jedwali la ripoti, na kutoka kwenye jedwali hadi kwenye hotuba, idadi ile inakuwa imeyeyuka. Na hakuna anayeuliza kisima kipo hatua ngapi kutoka kwenye shimo hilo, wala ni nini hutokea mwezi Januari mvua inapolijaza na maji yake kutembea uani ambako watoto wanacheza. Watu wa Bukama na Malemba Nkulu, kando ya maziwa ya Upemba ambako kipindupindu kimefanya makao, wangeweza kutufundisha kwamba hizo hatua chache ndizo tofauti kati ya mtoto na jeneza.

Hapo pia kuna yasiyoulizwa kabisa. Vumbi la barabara ya malori halimo katika hojaji. Nyufa za ukuta baada ya baruti hazimo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokipata walipopima damu na mkojo wa watu wa Kasulo: kobalti nyingi mno, na nyingi zaidi kwa watoto. Kwa vipimo vya kaya, mtoto yule huenda anaishi katika nyumba yenye sakafu ya saruji, paa la bati, simu mbili na pikipiki, yaani nyumba ya watu walio afadhali.

Ndipo tunafika kwa jambo linalotukasirisha hasa, nalo ni wastani. Uchunguzi wa MICS wa mwaka 2017 na 2018 ulichagua kaya zaidi ya 20,000 kwa nchi yenye majimbo 26. Gawanyeni wenyewe: ni kaya 800 hivi kwa kila jimbo. Kwa kusema habari za jimbo zima, idadi hiyo inafaa, na elimu ya takwimu inaiunga mkono. Kwa kusema habari za komine ya Manika haifai kitu, na watafiti wenyewe hawajawahi kudai kwamba inafaa. Wanaodai ni wengine. Ni wale wanaochukua namba ya Lualaba, ambamo nyumba za mameneja wa migodi na vibanda vya wachimbaji vimechanganywa katika chungu kimoja, wanailinganisha na majimbo mengine, kisha wanasimama mbele ya kamera na kututangazia kwamba sisi tumebarikiwa. Mtu mmoja akila kuku wawili na mwenzake akilala njaa, wastani unasema kila mmoja amekula kuku. Hiyo si takwimu, ni dhihaka iliyovaa miwani.

Lakini tusijifanye watakatifu. Uongo upo pia upande wetu wa mlango. Tumesikia mara nyingi, hata katika malupango ya wanaokomunika kila Jumapili, mashauri yanayotolewa mtafiti akionekana kwenye kona: ficheni televisheni, semeni watoto ni tisa, huenda wanaleta vyandarua. Na upande wa pili kuna fahari inayosema kwamba tuna choo cha ndani wakati hatuna, kwa sababu kijana anayeuliza anatoka familia tunayoijua. Anayejifanya maskini zaidi ya alivyo anamwibia jirani aliye maskini kweli, kwa kuwa mchele wa msaada haumo katika tableti, bali humo umo mgawanyo wa miaka kumi ijayo. Anayejifanya tajiri anamwibia vilevile. Ushahidi wa uongo ni ushahidi wa uongo hata unapotolewa juu ya choo.

Kwa nini tunalisisitiza hili katika Manika kuliko mahali pengine? Kwa sababu ya fedha. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: sehemu 50 katika kila 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au uchifu ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kampuni inatakiwa kutenga sehemu 0.3 katika kila 100 za mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoathirika. Komine si ofisi ya kugonga mihuri tena. Sheria imeifanya iwe na haki ya fungu lake. Sasa ulizeni: komine inapangaje fungu hilo, ikiwa hakuna daftari linaloonyesha ni mtaa upi una kaya ngapi, mabomba mangapi yanayotoa maji, mashimo mangapi yaliyojaa? Inapanga kwa kusikiliza anayepiga kelele karibu, au kwa kutazama barabara anayopita mgeni mwenye cheo. Lango zuri linajengwa. Choo cha shule kinasubiri.

Tutaambiwa kwamba kuhesabu ni kazi ya Serikali, na kwamba walei wakae kwenye sala zao. Tunajibu kwa mifano miwili. Mwezi Desemba 2018 Baraza la Maaskofu wa nchi yetu liliwatuma waangalizi wapatao 40,000 kwenye vituo vya kura, na wengi wao walikuwa walei, vijana na mama wa kawaida waliojua kuandika walichokiona na kukataa kuandika wasichokiona. Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo miaka ya 1920, hakuwapa vijana wake hotuba kwanza, bali uchunguzi: nendeni mtazame, andikeni mshahara ni kiasi gani, saa za kazi ni ngapi, chumba kina dirisha au hakina. Kuona, kuamua, kutenda. Njia hiyo Papa Yohane XXIII aliipokea mwaka 1961 katika barua yake Mater et Magistra. Mnaitaja katika kila semina. Lakini mara nyingi mnaruka neno la kwanza, mnaanza kuamua kabla ya kuona.

Na hapa Kolwezi tuna urithi wetu. Jamaa ilizaliwa katika makambi ya wafanyakazi ya mji huu miaka ya 1950, pamoja na Padre Placide Tempels. Lolote litakalosemwa juu ya njia iliyopitia baadaye, mwanzo wake ulikuwa watu kukutana nyumba kwa nyumba na kuulizana mtu ni nani na anataka nini. Shirika la jumuiya leo linajua kila mlango wa barabara yake. Linajua mjane yupi anaomba maji kwa jirani na ni chumba kipi kina wachimbaji sita. Hakuna mtafiti wa Kinshasa mwenye orodha kama hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa kila parokia katika Manika, na wa Dilala kama watapenda, wafanye hivi kabla ya mvua kuanza. Shirika moja, barabara moja, maswali matano yasiyozidi: kaya ngapi katika lupango, watu wangapi wanaolala humo usiku wa kawaida, choo kimoja kwa kaya ngapi, maji yanatoka wapi na yalitoka siku ngapi wiki iliyopita, umeme uliwaka usiku mangapi. Majina ya watu msiyaandike. Mwenye kukataa aachwe kwa amani. Msiahidi kitu, hata sabuni. Matokeo msimpe mtu yeyote kabla hamjayasoma kwa sauti mbele ya watu wale wale waliowajibu, chini ya mwembe au katika ukumbi, nao wakasahihisha. Baada ya hapo nakala moja ibaki kwa paroko na nyingine ipelekwe kwa burugumesta wa Manika, ipokelewe kwa mhuri na tarehe, pamoja na swali moja lililoandikwa: katika fungu la 15 la mwaka uliopita, ni kiasi gani kilikwenda kwenye maji na vyoo, na katika barabara zipi? Jibu likija, lisomwe kanisani wakati wa matangazo. Lisipokuja ndani ya siku 30, tangazeni hilo pia, na mwandike tena.